Lori Letu Lilipokosa Pumzi

Ndugu Wanachama,

Wengi wenu mliopakia karafuu zenu katika lori la Chama mchumo uliopita mliiona wenyewe taabu iliyotupata, na baadhi yenu mlisema maneno makali ofisini, nayo yalikuwa haki yenu. Kamati imenitaka nieleze katika gazeti letu hili mambo yalivyokuwa tangu mwanzo, lori lilivyofunguliwa na kusafishwa, na ni kwa sababu gani dereva wetu alilipwa mshahara mara mbili katika mwezi mmoja. Nitaeleza yote, na pale ambapo kosa ni langu nitasema kuwa ni langu.

Lori letu, kama mjuavyo, lilinunuliwa likiwa limekwisha kutumika Japani. Injini yake ni ya dizeli, nayo ina chombo ambacho mafundi wetu hukiita tabo. Kabla ya mkasa huu mimi nililijua jina tu. Nilidhani ni kitu cha fahari, mithili ya honi ya sauti mbili.

Kazi ya tabo ni kuisaidia injini kuvuta pumzi. Moshi hutoka katika injini kwa nguvu na kwa joto kubwa, na zamani nguvu ile ilikuwa ikipotea bure. Mhandisi mmoja wa Uswisi, Alfred Büchi, aliandikisha mwaka 1905 shauri lake la kuitumia nguvu hiyo, na mwaka 1938 kiwanda cha Saurer cha huko huko Uswisi kikatoa lori lenye chombo hicho. Moshi hupita katika gurudumu dogo lenye mapanga kama ya pangaboi, ukalizungusha. Gurudumu lile limeshikana kwa shafti moja na gurudumu la pili lililo upande mwingine, nalo huvuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi dizeli huungua vyema, na injini ndogo hupata nguvu ya injini kubwa. Shafti ile huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, nayo katika tabo kama yetu haikulazwa juu ya goroli, bali huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Kwa hiyo kila aigusaye yampasa aiguse kama fundi saa, asiiguse kama mshika jembe.

Tabo za siku hizi zina na jambo jingine, na hilo ndilo lililotuponza. Kulizunguka gurudumu la moshi pana duara la vibapa vidogo vya chuma vinavyofunga na kufunguka pamoja, kama vibao vya madirisha ya nyumba za kale za Mjini. Injini ikizunguka pole pole vibapa hujibana, njia ya moshi ikawa nyembamba na moshi ukapita kwa kasi, kama maji yatokavyo katika mpira ulioubana mdomo kwa kidole. Injini ikienda mbio vibapa hufunguka, moshi ukapita bila ya kuzidi nguvu. Sasa, masizi yakijaa baina ya vibapa vile, hunasa. Vikinasa hali vimefunguka, gari halina nguvu ya kupanda kilima na hutoa moshi mweusi. Vikinasa hali vimejibana, hewa huzidi kipimo, na kompyuta ya gari huizuia injini isije ikajivunja, taa ikawaka mbele ya dereva na gari likatambaa.

Basi mwanzoni mwa mchumo dereva wetu alikuja ofisini akaniambia, "Bwana Katibu, gari halina pumzi." Nikamwuliza kama ni la kusimama, akasema, "Si la kusimama, lakini vilima linavipanda kwa kuomba." Nikamwambia avumilie mpaka karafuu ziishe. Wiki ya pili bibi mmoja mwanachama alikuja na jamvi lake mkononi. Alikuwa ameanika kando ya njia, lori la Chama likapita likipanda, na juu ya karafuu zake yakaanguka madoa meusi kama ya chungu. Nilimpa pole na nikaandika jina lake katika kitabu cha malalamiko. Ndivyo tulivyo watu wa ofisi, tukisha kuandika huona tumetenda.

Wiki ya tatu nikafunga hesabu ya dizeli, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Safari zilikuwa zile zile, magunia yale yale, lakini dizeli ilikuwa imepanda zaidi ya robo kuliko mchumo wa kabla yake. Nikaipeleka hesabu kwenye Kamati. Mjumbe mmoja akasema kuwa dizeli haitembei kwa miguu yake, na kila mtu akafahamu analolikusudia. Dereva hakuitwa kujieleza. Kamati iliamua kuzuia nusu ya mshahara wake mpaka dizeli ipatikane ilikokwenda, na barua niliiandika mimi kwa mkono wangu, kwa Kiswahili kizuri ambacho sasa sipendi kukisoma. Yeye aliipokea, akaikunja, akaitia mfukoni, akaenda kupakia. Ana watoto watano na hakusema neno.

Siku chache baadaye lori lilikuwa na magunia 60, mvua inanyemelea, nalo likakataa kupanda kilima. Utingo alishuka kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Ilibidi nusu ya magunia yashushwe chini ya mwembe na kufunikwa maturubali, lori liende na nusu lirudi tena. Wakati huo huo kambi ya pili walikuwa wamekwisha kuchuma na wanalingoja lori lile lile lichukue karafuu mbichi kuzipeleka uwanjani kuanikwa. Hawakulipata mpaka siku ya pili. Kila mwanachama ajua karafuu mbichi zikilala zimerundikana hupata joto, na zikisha kukauka hutoka nyeupe, nyepesi, zimekunjamana, na kituoni hazipati daraja. Wanachama wanne walipata hasara usiku ule, na ni juu ya Chama.

Fundi wa kwanza tuliyemwita alisikiliza injini, akatikisa kichwa, akasema tabo imekufa inunuliwe mpya. Bei aliyoitaja ilikuwa kubwa kuliko nauli yote lori liliyokuwa limeingiza katika mchumo ule. Hakuifungua. Mwenyekiti wetu, Mungu ampe umri, alisema kuwa hata maiti hutazamwa kabla ya kuzikwa, akaagiza tutafute fundi wa pili. Tukampata mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika injini za vyombo vya baharini. Huyo alisema maneno machache: "Tufungue tutazame. Lakini kwanza nitatazama njia ya hewa."

Akapapasa mabomba ya mpira yanayotoka kwenye tabo kwenda kwenye injini, na chini ya klipu moja, mahali jicho halifiki, akakuta mpasuko wa urefu wa kidole, umezungukwa na vumbi lililoshikana na oili. Hewa iliyokwisha shindiliwa ilikuwa ikitokea hapo. Kisha akafungua chujio la hewa. Sitaki kuwaeleza lilivyokuwa. Vumbi la barabara za mashamba lilikuwa limeliziba kama gunia la unga. Chujio lile dereva aliliomba lipya tangu kabla ya mchumo, na katika kumbukumbu za mkutano pana maandishi yangu yasemayo, "Liahirishwe mpaka fedha zipatikane."

Sasa nieleze ufunguaji wenyewe, kwa kuwa baadhi ya wanachama wana magari yao na wameniuliza sana.

Injini iliachwa usiku kucha ipoe. Asubuhi fundi alitoa waya wa betri, akaondoa mabomba ya hewa, kisha bomba dogo linaloleta oili na lile la kurudishia. Matundu yote aliyaziba palepale kwa vitambaa safi, kwani nati moja ikianguka ndani ya injini gharama yake hupita ya tabo. Bolti za upande wa moshi zilikuwa zimeshikwa na kutu. Alizitilia mafuta ya kulegezea tangu jioni na hakuzilazimisha, kwa kuwa bolti ikikatikia ndani ni kazi ya siku mbili. Kabla ya kuyatenganisha maganda mawili ya tabo alichora alama kwa msumari juu ya yote mawili, ili yarudi vile vile yalivyokuwa. Mtu asipochora alama huja akayarudisha kombo, mabomba yasikutane.

Ganda la moshi lilipotoka tulilitazama sote kimya. Masizi yalikuwa yamejaa unene wa ukoko wa wali uliounguzwa, na vibapa havitikisiki hata kwa kusukumwa. Fundi akashika shafti akaitikisa. Alituonyesha kuwa kucheza kidogo kushoto na kulia si ugonjwa, maana ndiyo nafasi ya oili. Bali kwenda mbele na kurudi nyuma kusionekane, na mapanga yasiguse ganda kamwe. Mapanga yetu yalikuwa mazima, hayana jino lililokatika, na oili haikuwa imejaa katika upande wa hewa. Lau shafti ingalikuwa imelegea au panga limevunjika, kusafisha kungalikuwa kupoteza wakati. "Haikufa," alisema. "Imeziba pua tu."

Ganda la chuma na duara la vibapa aliviloweka katika dawa ya kuyeyushia masizi, ile iuzwayo katika maduka ya vipuri, muda wa saa kadhaa, akawa anavitoa na kuvipiga burashi ya nailoni, na palipokuwa pagumu burashi ya shaba, kisha anarudisha. Hakutumia burashi ya chuma wala bisibisi, kwa kuwa magurudumu haya yamepimwa uzani wake kwa udogo mno, na mkwaruzo mmoja au tone la masizi lililobaki upande mmoja hulifanya gurudumu liyumbe, na kwa mizunguko ile 100,000 huiua beringi. Sehemu ya katikati, yenye shafti na beringi, hakuilowesha kabisa. Aliziba matundu ya oili akaifuta kwa kitambaa chenye dawa kidogo. Mmoja wetu alishauri tuchemshe vyote katika maji ya kostiki soda kama wafanyavyo kwa masufuria. Fundi alicheka. Gurudumu la hewa ni la alumini, na kostiki huila alumini kama mchwa alavyo boriti.

Yako na mambo mengine aliyotukataza. Vibapa visipakwe grisi ati vilainike, maana joto la moshi hupita digrii 600, grisi ikaungua ikawa masizi mapya. Gurudumu lisipulizwe kwa hewa ya kompresa kwa ajili ya kufurahia mlio wake, kwani huzunguka mbio bila ya oili. Na masizi yasipeperushwe yakiwa makavu. Tulifunga vitambaa vya pua na tukavaa glavu, wala si kwa ulegevu: mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliutia moshi wa dizeli katika orodha ya mambo yanayojulikana kuwa huleta saratani kwa binadamu.

Nilimwuliza juu ya dawa za kopo zinazopulizwa bila ya kufungua kitu. Alisema zinafaa pale masizi yanapoanza tu, lakini ukoko kama wetu hauondoki kwa povu, na ukimeguka pande zima huweza kupiga mapanga. Nikamwuliza pia juu ya wale wanaomwagia maji katika njia ya hewa injini ikiwa inakwenda. Hapo ndipo aliponieleza habari ya baharini, ambayo ilinipendeza. Katika meli tabo kubwa husafishwa kweli bila ya kufunguliwa. Upande wa hewa hunyunyiziwa maji kidogo kwa kipimo, na upande wa moshi hupulizwa punje za maganda ya kokwa ngumu yaliyosagwa, zikayapangusa masizi na kutoka pamoja na moshi. Lakini mashine zile zimetengenezewa matundu yake na kipimo chake. Lori halikutengenezewa. Maji yakiingia katika silinda hayashindiliki kama hewa, na linalopinda ni fimbo ya pistoni.

Jioni vibapa vilikuwa vikifunga na kufunguka kwa kidole kimoja. Kurudisha kulihitaji gasketi mpya zote, na hakukubali gundi ya mpira kwenye njia ya oili, kwa kuwa vipande vyake hukatika vikaziba. Bomba la oili lilisafishwa, oili ya injini ikamwagwa ikatiwa mpya na filta yake. Kabla ya kulifunga bomba la oili alimimina oili safi katika tundu la tabo na kulizungusha gurudumu kwa kidole mpaka ilipoenea. Kisha akaizungusha injini kwa starta bila ya kuiwasha, mara chache chache, hata taa ya oili ikazimika, ndipo akaiwasha. Injini iliunguruma pole pole kwa dakika kadhaa naye akitazama kila kiungo kwa tochi. Moshi wa kwanza ulikuwa mweusi na wenye harufu mbaya, wa dawa na masalio. Baadaye ukawa hauonekani.

Nilidhani kazi imekwisha, lakini mzee yule aliuliza swali moja ambalo sikulitazamia: "Lori hili husimama likiwa linaunguruma muda gani kwa siku?" Dereva akanitazama, akainamisha kichwa. Nikafahamu.

Ndugu Wanachama, betri ya lori ilikuwa imechoka tangu mwaka jana. Badala ya kununua nyingine, tulimpa dereva amri kwa maandishi, na mwandishi ni mimi, kwamba akiwa kambini asizime injini wakati wa kupakia, asije akakwama. Katika kila kambi lori lilisimama linaunguruma saa nzima au zaidi, kambi tatu nne kwa siku. Injini ya dizeli isiyo na kazi haipati joto la kutosha. Dizeli haiungui yote, masizi yakazidi, na moshi hauna nguvu ya kuyasukuma nje. Ongeza chujio lililoziba na bomba lililopasuka, hewa ikapungua, masizi yakazidi tena. Injini ya kadiri ile ikiunguruma tu hula lita 1 hivi kwa saa, na penye vilima dereva alilazimika kukanyaga mpaka mwisho na kupanda kwa gia ya chini. Nilikaa na kitabu cha safari na kitabu cha dizeli usiku ule nikahesabu saa za kusimama. Dizeli iliyopotea niliipata. Hakuna lita moja iliyouzwa.

Siku ya pili lori lilipanda kilima kile kile na magunia 60 kwa gia ya tatu. Wanaokaa hapo walitoka nje kutazama kwa kuwa hawakusikia lile guno walilolizoea. Kamati ilikutana Jumapili, ikaifuta barua yangu, na dereva alilipwa nusu iliyozuiwa pamoja na mshahara wa mwezi ule. Ndiyo maana hesabu inaonyesha malipo mawili. Nilimwomba radhi mbele ya wajumbe. Alisema, "Yamekwisha, Bwana Katibu," kisha akaniuliza betri itanunuliwa lini.

Imenunuliwa. Gharama yote ya fundi, dawa, gasketi, oili, bomba, chujio na betri haikufika robo ya bei ya tabo mpya, na hesabu yake imebandikwa ofisini. Tangu sasa chujio litafunguliwa kila wiki wakati wa mchumo, na lori litazimwa kambini linapopakia. Akifika kambini baada ya kupanda, dereva ataiacha injini iungurume kwa muda wa dakika moja au mbili kabla ya kuizima, ili oili iipoze shafti isije ikaungua na kuganda ndani. Wasimamizi wa kambi wasimharakishe. Moshi mweusi ukionekana, mwanachama yeyote atuletee habari siku hiyo hiyo. Bluu ni oili inaungua, na mweupe usiokoma ni dizeli isiyoungua au maji, nazo ni habari za kuletwa vile vile.

Wale wanachama wanne walioharibikiwa karafuu wafike ofisini na hati zao za kituoni kabla ya mwisho wa mwezi. Bibi mwenye jamvi amekwisha lipwa. Bomba lililopasuka nimelitundika ukutani juu ya meza yangu, na atakaye kuliona aje.

Katibu